Madaftari ya Ziwa: Nani Alilipa Ili Nani Ahesabiwe

Tarehe 27 Desemba 2023 Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Aretas Lyimo, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba kilo 3,182 za heroini na methamfetamini zimekamatwa Dar es Salaam na Iringa. Zilikuwa hazijawahi kukamatwa nyingi kiasi hicho tangu nchi ianze kupima. Tarakimu hiyo ilifika hadi Buhongwa, kwenye ncha ya kusini ya jiji la Mwanza, ambako vijana waraibu wa unga, yaani heroini, wanaoitwa mateja, hujipatia senti mbili tatu kwa kupakia mizigo ya abiria wa barabara ya Shinyanga. Kilo tulizijua hadi za mwisho. Ila ukiuliza ni vijana wangapi wa namna hiyo waliokufa mwaka huo kwa kuzidisha unga, Buhongwa, Mwanza au nchi nzima, hakuna ofisi yenye jibu, kwa sababu hakuna ofisi iliyowahi kupewa fungu la kulitafuta.

Tusikimbilie kusema ni uzembe. Mwambao huu wa Ziwa Victoria umehesabu wafu wake kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini, tena mara nyingine kwa bidii ya ajabu. Kila daftari lililofunguliwa hapa lilikuwa na mlipaji wake, na mlipaji ndiye aliyepiga mistari ya safu. Aliyekufa nje ya safu hizo alizikwa, akaombolezwa, basi.

Daftari la kwanza kubwa lilikuwa la malale. Mwaka 1901 madaktari wa misheni ya Mengo, Uganda, ndugu Albert na Jack Cook, waligundua wagonjwa wao kadhaa wana ugonjwa wa usingizi, ambao upande huo wa ziwa ulikuwa haujatambuliwa. Ndani ya miaka michache watu zaidi ya 200,000 walikufa kwenye pwani za Busoga, Buganda na visiwa vyake. Royal Society ya London ilituma wataalamu, na kufikia 1903 Aldo Castellani na David Bruce walikuwa wameshaunganisha vimelea, ndorobo na kifo. Serikali ya Kijerumani, iliyokuwa imeweka boma Mwanza tangu 1892, ilijua kwamba ndorobo haulizi mpaka uko wapi. Robert Koch, ambaye miaka michache kabla ya hapo alishaithibitisha tauni ya Kiziba ambayo wenyeji waliiita rubunga, alikuja ziwani mwaka 1906 na kupiga kambi visiwa vya Sese. Aliwadunga wagonjwa atoxyl, dawa yenye aseniki, iliyopunguza vimelea kwa muda na kuwapofusha baadhi ya waliodungwa.

Kambi za wagonjwa zilifunguliwa upande wa Bukoba na Shirati. Njiani wasafiri walisimamishwa na kupapaswa tezi za shingo. Mwenye tezi zilizovimba alipelekwa kambini. Upande wa Uganda, Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kwa amri kutoka ufukweni na visiwani. Ni ufuatiliaji wa ugonjwa kwa maana kamili ya neno hilo: orodha, vituo vya ukaguzi, maabara, taarifa kwenda Berlin na London. Na fedha zilitoka. Wakoloni hawakuwa wamepatwa na huruma ya ghafla. Mtu aliyelala usingizi wa kufa halipi kodi ya kichwa, halimi pamba, hapigi makasia. Kifo kilipogusa hazina, hazina ilifunguka.

Bangi na afyuni havikuigusa hazina kwa namna hiyo, kwa hiyo viliingia kwenye daftari lingine kabisa. Bangi ilikuwa ya zamani humu barani. Richard Burton, aliyepita Unyamwezi miaka ya 1850 wakati mwenzake Speke akipanda kaskazini kuja kuliona ziwa Agosti 1858, aliandika jinsi ilivyovutwa kwenye misafara. Afyuni ilikuwa habari ya mbali, ya India na China, na ndiyo iliyozaa diplomasia. Mkataba wa Hague wa 1912 ulifungwa kwa ajili yake. Mwaka 1919 mkataba wa amani wa Versailles uliulazimisha kwa kila aliyetia saini, na Tanganyika iliyonyang'anywa Wajerumani ikaingia katika ulimwengu ambamo dawa za kulevya zilikuwa jambo la Shirikisho la Mataifa. Mkataba wa Geneva wa 1925 uliongeza bangi kwenye orodha na kuunda bodi ya kudumu ya kupokea takwimu: kilo zilizoingizwa kwa ajili ya hospitali, kilo zilizotumika, kilo zilizokamatwa.

Hapo ndipo kilo zilipotawazwa. Geneva haikuuliza ni nani aliyekufa, iliuliza uzito. Tabia hiyo ikapita mikononi mwa Umoja wa Mataifa na mkataba wake wa 1961, ikapita uhuru, ikaingia kwenye Sheria Namba 9 ya 1995 iliyozaa Tume ya Kuratibu Udhibiti wa Dawa za Kulevya, na ikarithiwa na Mamlaka ya sasa, iliyoundwa kwa Sheria Namba 5 ya 2015 na kuanza kazi Februari 2017. Hadi leo taarifa inayotolewa kila mwaka karibu na tarehe 26 Juni inasomeka kama daftari la ghala: kilo za heroini, magunia ya bangi, ekari zilizofyekwa, idadi ya watuhumiwa. Juni 2024 maadhimisho ya kitaifa yaliletwa Mwanza kwetu, na vichwa vya habari vilikuwa hivyo hivyo. Siidharau kazi hiyo. Kilo tatu elfu zisizofika mtaani ni jambo kubwa. Nasema tu kwamba kilo ni kipimo cha polisi, na polisi wana fungu lao.

Daftari la tatu ni la UKIMWI, na hili lilianzia kwetu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa hospitali ya Ndolage mkoani Kagera. Watu wa huko waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la mashati ya biashara ya magendo yaliyovuka mpaka kutoka Uganda. Kwa miaka kadhaa ulionekana ni balaa la Wahaya na wachuuzi wa mpakani. Kisha ukashuka na barabara na meli hadi Mwanza, na Mwanza ikageuka mojawapo ya mahali palipochunguzwa zaidi barani Afrika. Kati ya 1991 na 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na shirika la AMREF na chuo cha magonjwa ya tropiki cha London, zililinganisha jamii 12 za vijijini mkoani humu. Jamii sita zilipata tiba bora ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati zao mapema, sita zikasubiri. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kule kwenye tiba. Matokeo hayo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1995, na jina la Mwanza likazunguka dunia.

Lakini utafiti wa maana zaidi kwa habari yetu haukuwa na mbwembwe. Mwaka 1994 kata ya Kisesa, kilomita kama 20 mashariki ya mjini kwenye barabara ya Musoma, iliandikishwa nyumba kwa nyumba. Mtu wa Buhongwa anaweza kufika Kisesa kwa barabara ya mchepuo ya Usagara bila hata kuuona mji. Kule karani amekuwa akirudi awamu baada ya awamu kuuliza: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Kukiwa na kifo hufuata mazungumzo marefu na wafiwa. Marehemu aliugua siku ngapi? Alikohoa? Alikuwa na homa? Alipungua mwili? Alianguka ghafla? Kutokana na majibu hayo madaktari hukisia sababu ya kifo kwa mtu ambaye hakuwahi kuonwa na daktari. Ni kazi ya subira na ya heshima, maana karani anakaa kwenye mkeka wa watu wenye majonzi na kuuliza mambo ambayo hata ndugu hawajayasema wao kwa wao.

Kwa hiyo ujuzi wa kuhesabu vifo upo, tena upo karibu kiasi hicho. Tulijifunza kwa sababu wafadhili wa nje walitaka kujua VVU inakwenda wapi na dawa za kufubaza zinabadilisha nini. Maswali yakapangwa kulifuata lengo hilo. Kifo cha kijana aliyekutwa asubuhi ameshapoa, bila kikohozi, bila homa, bila kukonda, huishia kwenye kapu la ajali, sumu, au sababu isiyojulikana.

Unga wenyewe ulikuja kwa njia ya bahari. Kuanzia miaka ya 1980 heroini ya Afghanistan ilianza kupita pwani ya Afrika Mashariki, ikibebwa na majahazi kutoka pwani ya Makran hadi bahari ya Zanzibar, Tanga na Mombasa, nyingine matumboni mwa wabebaji wa viwanja vya ndege, waitwao punda. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo 1,032 ndani ya jahazi moja karibu na Kenya. Hapo unapata picha ya ukubwa wa biashara. Mahali popote mzigo unapopita, wabebaji hulipwa sehemu kwa mzigo wenyewe, na sehemu hiyo huuzwa vichochoroni kwa kete. Mwanzoni ilikuwa brauni, ya kuvutwa kwa moshi au kuchanganywa na bangi na tumbaku. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja nyeupe, inayoyeyuka kirahisi kwenye maji, na sindano ikaingia mchezoni. Mabasi yaliyobeba mitumba na simu kutoka Dar es Salaam yalibeba na kete hadi Arusha, Dodoma, Mbeya na huku ziwani, kwenye mji wa wavuvi, wachimbaji wa dhahabu wanaopita kwenda Geita, na vijana waliokuja kutafuta na hawakupata.

Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliripoti kutoka Dar es Salaam jambo lililowashtua hata waliozoea habari hizi. Wanawake waliokuwa na arosto, ile hali ya mwili kudai dawa kwa maumivu, kutapika na kutetemeka, walikuwa wakipewa na wenzao damu. Mmoja anajidunga, anavuta damu yake irudi kwenye bomba, anampa mwenzake ajidunge hiyo damu akiamini imebaki na heroini ndani yake. Kulikuwa na huruma ndani ya kitendo hicho, na kulikuwa na virusi. Katika utafiti mmoja wa Dar es Salaam wa miaka hiyo, asilimia 42 ya waliojidunga walikuwa na VVU, mara nyingi zaidi ya kiwango cha watu wa kawaida.

Asilimia hiyo ndiyo iliyoleta fedha. Mfuko wa dharura wa UKIMWI wa Rais wa Marekani, PEPFAR, ulioanzishwa 2003, ulikuwa tayari unalipia dawa za kufubaza VVU nchini. Sasa ulikubali kulipia tiba ya uraibu kupitia kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini; ilikuwa kliniki ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Kabla yake kisiwa cha Mauritius kilikuwa kimetangulia. Jessie Mbwambo, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa miongoni mwa walioisimamisha. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, Zanzibar na Mbeya, na mwishoni mwa muongo huo hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure, Mwanza. Majirani nao waliamka: Kenya ilianza na Mathari, Nairobi, Desemba 2014, halafu Malindi, Uganda ikafungua Butabika 2020.

Ila fedha ya UKIMWI ilikuja na masharti yake. Sheria ya Marekani ilikuwa imekataza fedha ya serikali kuu kununua sindano safi za wanaojidunga. Katazo likaondolewa 2009, likarudishwa mwishoni mwa 2011, likalegezwa kidogo mwishoni mwa 2015. Katika kipindi hicho, sindano safi za Temeke zilitolewa na Médecins du Monde ya Ufaransa kuanzia 2010, kwa mfuko mwingine. Mgonjwa mmoja, mtaa mmoja, wahisani wawili: huyu anakupa methadoni na hagusi sindano, yule anakupa sindano.

Na masharti hayakuwa kwenye kununua tu, yalikuwa kwenye kuhesabu. Kila robo mwaka kliniki huandika walioanza tiba, waliodumu nayo miezi sita au zaidi, waliopimwa VVU, waliopimwa kifua kikuu. Mgonjwa asiyeonekana tena huitwa aliyepotea. Huenda amehamia Geita, yuko rumande, amerudi kijiweni, au amekufa kwenye jengo lisilokwisha kujengwa huku wenzake wakidhani anakoroma. Kwa daftari la VVU wote hawa wanne ni mtu mmoja.

Kukoroma huko kunahitaji maelezo, maana ndiko kunakoua. Dawa za jamii ya afyuni huingia sehemu ya ubongo inayoamuru mapafu na kuipooza. Pumzi zinachelewa, kisha zinachelewa zaidi. Koo linatoa mkoromo mzito kama wa mlevi, midomo inabadilika rangi, na waliokaa pembeni wanamfunika shuka alale vizuri. Wanaoshtuka humwagia maji, humpiga makofi, humnywesha maziwa. Hakuna kati ya hayo linalofungua pumzi, na maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Kinachofungua ni kumpulizia hewa mdomoni na kumpa naloksoni, dawa ya sindano au ya kupuliza puani inayoing'oa heroini kutoka kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Haileweshi na haina soko kijiweni. Kwa kuwa nguvu yake hudumu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, mgonjwa lazima asiachwe peke yake. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ipewe watu walio karibu na watumiaji, yaani wenzao, ndugu zao, wahudumu wa mitaani, wala isifungiwe hospitali. Anayezimika Buhongwa usiku yuko zaidi ya kilomita kumi kutoka hospitali ya mkoa, na wenzake wanaogopa gari la polisi kuliko wanavyoogopa maiti.

Marekani ile ile iliyokuwa ikitulipia ilikuwa na msiba wake, na namna ilivyoushughulikia inatufaa. Kwa muda mrefu hata wao waliandika vyeti vya vifo ovyo. Mchunguzi wa vifo wa kaunti aliandika «sumu ya dawa» bila kusema dawa gani, na majibu ya maabara yalichelewa miezi. Mwaka 2016 CDC ilianza kuyalipa majimbo, 12 kwa kuanzia na 20 zaidi mwaka uliofuata, ili yakusanye kwa haraka taarifa za wanaofikishwa vyumba vya dharura na za waliokufa, pamoja na majibu ya maabara. Kuanzia 2019 mpango huo ukaunganishwa na kinga chini ya jina moja, fedha za kuhesabu na fedha za kuzuia zikiwa bahasha moja, na 2023 majiji na kaunti yakapata fungu lao pekee. Waliokufa walizidi 100,000 kwa mwaka katika 2021, 2022 na 2023. Hesabu ya 2024 ilishuka hadi takriban 80,000, na ubishi wa sababu unaendelea: naloksoni kila mahali, unga uliobadilika, au waliokuwa hatarini zaidi wameshakufa. Jambo la kushika hapa ni kwamba ubishi wenyewe unawezekana kwa kuwa tarakimu ipo. Waliinunua.

Shirika lile lile la CDC, kwa bajeti mbili tofauti, lilihesabu aliyekufa kwa heroini akiwa jimbo la Ohio, na kwa aliye Mwanza lilihesabu kama alimeza methadoni miezi sita. Hakuna aliyekaa kitako kupanga ubaguzi huo. Bunge la Marekani lilitenga fedha za UKIMWI kwa Afrika na fedha za vifo vya dawa kwa wapiga kura wake. Sisi kwa upande wetu hatukuwahi kutenga za kujaza pengo lililobaki katikati.

Mtu anayetoka Buhongwa kwenda Sekou Toure kwa methadoni anatakiwa kufika kila siku, angalau katika miezi ya mwanzo. Daladala inapita Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni na Igogo kabla ya kufika mjini. Dirishani jina linaangaliwa, dozi inapimwa kwa mililita, anakunywa mbele ya mhudumu na kusema maneno mawili matatu ili ionekane amemeza. Dakika chache tu. Kisha nauli ya kurudi. Dawa ni bure. Nauli si bure, na kwa mtu anayeishi kwa kupakia mizigo, nauli ya kwenda na kurudi siku thelathini za mwezi ndiyo bei halisi ya tiba. Akikosa siku kadhaa mfululizo, mwili wake unapoteza uvumilivu, na dozi inabidi ianzwe tena chini. Akirudi kijiweni katika siku hizo na kudunga kiasi kile alichokizoea zamani, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifo kuliko wakati wowote wa uraibu wake.

Njiani humo humo liko gereza la Butimba. Utafiti uliofanywa jimbo la Washington, Marekani, na kuchapishwa 2007, ulionyesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa huru, wafungwa walikuwa na hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa mara 129 ya ile ya raia wengine. Sababu ni ile ile: mwili umesahau, mkono haujasahau. Tangu orodha ya watuhumiwa wa dawa za kulevya iliyosomwa Dar es Salaam Februari 2017, misako imekuwa sehemu ya maisha ya vijiwe vya mijini. Kila msako unaoishia kifungo cha miezi michache unamwacha mtu kwenye geti la gereza akiwa safi, mwenye njaa, na asiyejua kwamba kete moja ya jana ni sumu leo. Kama ningepewa mamlaka ya kuamua naloksoni ya kwanza ya mkoa iwekwe wapi, ningeiweka mfukoni mwa huyo, siku anapotia sahihi ya kutoka.

Akifa, hapa ndipo mambo yanapogawanyika. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ina umri wa miaka mia moja na kitu. Leo inasimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Sehemu kubwa ya vifo nchini haifiki kwenye cheti kabisa: mwenyekiti wa mtaa anaarifiwa, kibali cha mazishi kinatoka, watu wanachanga, mazishi yanafanyika. Familia ya teja ina sababu ya ziada ya kuharakisha. Aibu ni nzito, na kusema «alizidisha unga» ni kuwakaribisha polisi msibani. Basi inasemwa moyo ulisimama, jambo ambalo si uongo. Iwapo mwili umeokotwa, polisi wanahusika na sampuli zinaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana maabara ya kanda hapa hapa Mwanza. Majibu yanarudi kwa aliyeomba, yanabandikwa kwenye jalada, na jalada likionekana halina jinai linafungwa. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ina alama zake maalumu, T40.1 kwa heroini na T40.3 kwa methadoni. Anayeweza kuziandika ni daktari, na daktari hakuitwa.

Januari 2025 mambo yaliyumba. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje ndani ya siku zake za kwanza, na watoa huduma walipokea amri ya kusimamisha kazi. Baadaye ulitolewa msamaha kwa dawa za kuokoa maisha za VVU, lakini huduma za mitaani kwa makundi yaliyo hatarini, wakiwemo wanaojidunga, ziliachwa nje au zikabaki gizani. Wahudumu waliokuwa wakipita vijiweni, ambao ndio pekee waliojua kwa majina nani hajaonekana wiki hii, walikuwa wa kwanza kuguswa. Hawakuwa kwenye ikama ya serikali. Daftari la kumbukumbu ya waliokufa, kwa kadiri lilivyokuwepo, lilikuwa kichwani mwao.

Juni mwaka huo huo Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alisimama bungeni na hotuba ya bajeti iliyopendekeza tozo mpya kwenye mafuta, vileo na tiketi, mapato yake yakienda Mfuko wa Udhibiti wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Kwa mara ya kwanza Mtanzania anayenunua bia au lita ya petroli anachangia moja kwa moja dawa ambazo kwa miaka ishirini zililipiwa na mlipa kodi wa Ohio. Ni hatua ya kweli, na waliozoea kutuona tukinyoosha mkono wana haki ya kushangaa. Lakini angalia jina la mfuko. Kwa mara nyingine safu zimepigwa na VVU, na teja ataonekana humo akiwa na virusi au akiwa hatarini kuvipata. Akizimika usiku akiwa hana virusi, hayumo.

Safu moja ya ziada haina gharama ya kutisha. Kisesa inajua kuuliza wafiwa. Mkemia Mkuu ana mashine Mwanza. Sekou Toure ina chumba cha dharura na kliniki ya methadoni ndani ya uzio mmoja. Mamlaka ya dawa za kulevya ina taarifa ya mwaka inayosomwa na Bunge, tena ina ofisi za kanda za kukusanya habari. Kinachokosekana ni barua ya wizara inayosema majibu ya maabara kuhusu kifo cha ghafla cha kijana yapelekwe pia kwa mganga mkuu wa mkoa kwa nakala, na mstari wa bajeti wa kumlipa mtu mmoja katika kila mkoa wenye kliniki azifuatilie nakala hizo, awapigie simu waliopotea, na aende msibani kuuliza. Bajeti ya mwaka wa fedha huanza kuandaliwa halmashauri miezi mingi kabla ya Juni, wakati ambapo waandishi wa habari hawapo na kilo hazijatangazwa. Diwani wa Buhongwa hukaa kwenye vikao vya maandalizi hayo kama madiwani wenzake wa jiji.